Mpenzi Mteja na Lenzi ya Mama

Baba yangu ni fundi wa cherehani. Hashoni, anazitengeneza. Karakana yake ni chumba kimoja chenye mlango wa bati, na ukiingia unapokewa na harufu ya mafuta ya mashine kabla hujamwona mwenyewe, kwa kuwa mara nyingi yuko chini ya meza na miguu tu ndiyo inaonekana. Mtaani wanamwita Sindano, kwa kazi yake na kwa wembamba wake. Ni mtu ambaye hanunui hata bobini moja ya uzi kabla hajaizungusha kidoleni na kuisikiliza. Nalisema hili mapema ili ujue kwamba aliyetapeliwa katika habari hii hakuwa mzembe.

Mama ni mpigapicha. Anapiga harusi, mahafali, na watoto wachanga wanaolala kwenye picha kama vile hawajawahi kulia. Baba humwita Mpigapicha, kama cheo, na Mama humwita yeye Fundi. Wameoana miaka ishirini na sita na ni nadra kuwasikia wakiitana vingine, isipokuwa wakiwa wamekasirika. Hapo huitana kwa majina yao kamili, na sisi watoto tulijifunza kutafuta shughuli nje.

Miaka tisa iliyopita Baba alipanda juu ya paa la karakana kuziba tundu. Bati liliteleza, naye akaanguka na kuvunjika mguu mahali pawili. Alikaa nyumbani miezi mitatu na plasta kuanzia pajani hadi karibu na vidole. Mwezi wa kwanza haujaisha, Mama akaitoa lenzi yake ndefu kwenye mkoba, ile ya kuvuta vitu vya mbali, akaipiga picha, akaiweka mtandaoni na kuiuza. Baba alipogundua, lenzi ilikwisha kwenda.

"Umeuza jicho lako," alimwambia.

"Ni kioo tu, Fundi. Kioo nitapata kingine. Mguu unauzwa duka gani?"

Lakini kioo kingine hakikupatikana. Kila fedha zilipokaribia kutosha, kulikuwa na ada, au paa lilelile, au mdogo wangu kang'oa jino vibaya. Mama akaendelea na ile lenzi fupi iliyokuja na kamera. Lenzi fupi haivuti, kwa hiyo ili ampate bibi harusi ilimbidi amfuate mpaka puani. Ukitazama video za harusi za mji wetu, Mama yumo karibu zote, ameinama kati ya maharusi. Kuna shangazi wa bwana harusi mmoja aliyeuliza, ukumbi mzima ukisikia, kama kijana wao ameoa wawili. Mama huisimulia hadithi hiyo kwa wageni na wote hucheka. Baba huinuka na kwenda kuangalia kama mlango umefungwa.

Mimi nafanya kazi duka la dawa. Siku moja mchana, foleni ikiwa imefika mlangoni, Baba alinipigia.

"Binti yangu, nimeipata."

"Nini, Baba?"

"Lenzi ya mama yako. Ileile. Nimekutumia, iangalie, uniambie. Na usimwambie mtu."

Niliangalia huku namhesabia mteja vidonge. Ulikuwa ukurasa mzuri, wenye rangi nyekundu na njano, unaojiita Kamera Bei ya Kutupa. Walisema wanafunga ghala. Lenzi iliuzwa chini ya theluthi moja ya bei ya dukani. Zilikuwa zimebaki mbili tu, na juu kulikuwa na saa inayohesabu kurudi nyuma: saa mbili na dakika nne. Chini, watu kama ishirini walikuwa wamesifu, wote kwa maneno ya furaha na wote bila kosa hata moja la herufi. Nikaona lenzi yenyewe: nyeusi, safi, imepigwa picha kwa mwanga mzuri wa dirishani. Mteja akakohoa. Nikamwandikia Baba: *Inaonekana sawa.*

Hayo maneno mawili nimeyajutia kuliko mengi niliyowahi kusema. Kama ningeufunga ule ukurasa na kuufungua tena, ningeona ile saa inaanza upya kila mara, saa mbili na dakika nne, kama mtu anayeaga mlangoni bila kuondoka. Sikuufungua tena. Nilikuwa na foleni.

Muuzaji alikuwa na lugha tamu. Alijitambulisha kama dada wa huduma, na kila ujumbe aliuanza kwa "mpenzi mteja". Baba alimuuliza duka liko wapi. Akajibiwa kwamba wao ni wa mtandaoni tu, mpenzi, ndiyo maana bei iko chini. Akauliza kama anaweza kulipa mzigo ukifika. Akajibiwa kwamba ofa hii haina utaratibu huo, ila anaweza kutanguliza nusu wamshikie. Alipotaka kutuma, jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamume. Baba akasita. Hilo namsifu. Akaandika: *Hili jina si lako.* Jibu likaja kabla hajaweka simu chini: *Huyo ni mhasibu wetu, mpenzi. Harakisha, imebaki moja.*

Akatuma nusu, malipo aliyopata kwa kufufua cherehani tano za shule ya ushonaji.

Kesho yake wakataka hela ya ushuru. Keshokutwa, ya bima ya njiani. Baba aliituma ya ushuru. Ya bima hakuwa nayo, akaomba siku mbili. Na katika siku hizo mbili akawa mtu mwingine nyumbani. Simu ililala kifudifudi. Alienda nayo bafuni. Ilipolia wakati wa chakula aliinuka na kutoka nje, na akirudi alikuwa anatabasamu peke yake, kwa sababu alikuwa anaiwazia sura ya Mama atakapofungua boksi. Mama hakulijua boksi. Alichoona ni mume wa miaka hamsini na mitatu anayetabasamia simu.

Jumamosi asubuhi Mama alinipigia. Sauti yake ilikuwa tulivu mno.

"Njoo nyumbani."

"Kuna nini, Mama?"

"Baba yako ana mtu."

Nilifika nikihema. Mama alikuwa sebuleni, ameketi wima kama anapigwa picha ya pasipoti. Baba alikuwa ameitwa kutoka karakana na alisimama karibu na mlango akijifuta grisi kwenye vidole kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Katikati yao, juu ya meza ya chakula, ilikuwa simu yake. Aliisahau kwenye kiti alipokuwa anavaa viatu, na ujumbe ukaingia.

"Nisomee," Mama aliniambia. "Mimi nimesoma mara nne, labda macho yangu yana matatizo."

Nikasoma. *Mpenzi, nakusubiri tangu jana. Usiniangushe leo. Nikikupoteza wewe namchukua mwingine.*

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na nikajua kabisa ujumbe huo unatoka wapi. Nikamtazama Baba. Baba akatazama kitambaa chake.

Mama akamwita kwa jina lake kamili, yote matatu. Nje, mdogo wangu akakumbuka kwamba ana shughuli kwa jirani.

"Huyu mpenzi ni nani?"

"Ni muuza lenzi," Baba alisema.

"Muuza nini?"

"Lenzi. Yako. Ile ndefu." Akakikunja kile kitambaa. "Nilitaka siku ya kukumbuka ndoa yetu uamke uikute kwenye mkoba. Nimeshatanguliza fedha. Huyo mwanamke huita kila mtu mpenzi, mke wangu, hata ukimwuliza bei ya betri. Muulize binti yako."

Mama aligeuza shingo polepole akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Sijui niuelezeje uso wake wakati ule. Ulikuwa kama wa mtu aliyebeba ndoo kwa nguvu zote akagundua haina maji. Akanyoosha mkono.

"Nionyeshe hiyo lenzi."

Baba alimfungulia ukurasa, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile uso wake ukang'aa. "Tazama. Nilipoiona tu nikasema moyoni, hii inafanana na ile yako kama pacha."

Mama akaikuza picha kwa vidole viwili. Akaikuza zaidi. Akaisogeza huku na huku kama anavyofanya akitafuta nani kafumba macho kwenye picha ya ukoo. Kisha akasema, taratibu:

"Fundi. Njoo hapa. Hii meza unaijua?"

Baba akainama. "Meza ni meza."

"Itazame vizuri."

"Ni ya mbao."

Mama akaondoa simu, akaondoa bakuli la matunda, kisha akakivuta kitambaa cha meza kikaanguka sakafuni. Kwenye mbao, upande wa dirishani, kulikuwa na alama ya pasi niliyoiacha nikiwa na miaka kumi na mitatu, kahawia, yenye ncha, na pembeni yake mkwaruzo mrefu. Akaiweka simu sambamba na alama ile. Kwenye picha, lenzi ilikuwa imesimama juu ya mbao, na nyuma yake kidogo ilionekana ncha ya kahawia na mkwaruzo mrefu.

"Haifanani na yangu," Mama alisema. "Ndiyo yangu. Hii picha niliipiga mimi, hapahapa, siku niliyoiuza. Wameiokota mtandaoni."

Baba aliweka kiganja juu ya alama, kana kwamba ingeweza kumkana. Anakula juu ya meza ile kila siku. Mguu mmoja wa meza hiyo aliuunga yeye mwenyewe.

"Bado," Mama alisema, na sasa sauti yake ilianza kutetemeka, sikujua kwa nini. "Tazama ndani ya kioo. Mbele kabisa. Unaona dirisha?"

"Naona."

"Na chini ya dirisha?"

Nilisogea na mimi. Ndani ya kioo cha lenzi, dogo kama punje ya mchele, lilijikunja dirisha letu na mapazia yetu ya zamani. Chini yake kulikuwa na kivuli cha mtu kwenye kochi, na kitu cheupe, kirefu, kimenyooshwa juu ya stuli.

"Hiyo ni plasta," Mama alisema. "Huyo ni wewe. Ulikuwa umelala. Nilingoja ulale ndipo nikaipiga."

Kisha Mama akaanza kucheka. Alianza kidogo, mabega yakitikisika, halafu akaegemea meza na kucheka mpaka machozi yakamtiririka. "Mume wangu," alisema akitafuta pumzi, "umetapeliwa kwa picha yako mwenyewe!"

Baba hakucheka. Aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, na ule wembamba wake ukaonekana zaidi kuliko siku zote.

"Fedha zimeondoka, Mpigapicha," alisema. "Cherehani tano. Nilijua. Lile jina la mwanamume, nilijua. Nikajilazimisha kutojua, kwa sababu niliitaka sana."

"Na mimi nilimwambia inaonekana sawa," nikasema. "Sikuangalia hata dakika moja."

Mama akaacha kucheka. Akajifuta macho kwa kanga ya kiunoni, akazunguka meza, akasimama nyuma ya kiti cha Baba na kukishika kichwa chake kwa mikono miwili, kama anavyowashika wateja wasiojua kutazama kamera.

"Asubuhi nzima nilikuwa najiuliza huyo mwanamke ana nini ambacho sina," alisema. "Kumbe ana lenzi. Na yenyewe hana. Niletee chai, mwanangu. Halafu hiyo simu."

Alikunywa chai yake yote kwanza. Kisha akamwandikia muuzaji kana kwamba ni Baba: *Dada, niko tayari kumalizia. Naomba tu picha moja ya leo ya hiyo lenzi, ukiwa umeweka kijiko pembeni yake.*

"Kwa nini kijiko?" Baba aliuliza.

"Kwa sababu kila nyumba ina kijiko. Mwenye lenzi kweli atashangaa, ataniona mwendawazimu, lakini ataiweka. Asiye nayo hata awe na vijiko mia ataviweka pembeni ya nini?"

Jibu: *Mpenzi, ghala limefungwa leo. Ila malipo yako wazi.*

Mama: *Basi nitajie namba iliyochongwa kwenye lenzi.*

Jibu: *Mpenzi, mbona una maswali mengi? Wenzako wanalipa.*

Mama: *Kijiko tu, dada.*

Baada ya hapo tulifungiwa. Ujumbe wetu haukupita tena. Baba aliitazama simu kwa muda, kisha kitu kikampitia usoni, kwanza mdomoni, kisha machoni, na hatimaye akacheka, kicheko kikavu cha kukwama, huku akirudia, "Kijiko tu, dada."

Jumatatu tulikwenda kuripoti, kwanza kwa watu wa laini ya simu, kisha kituo cha polisi. Kijana wa dirishani kwenye kampuni ya simu alitueleza kwa upole kwamba fedha zilitolewa ndani ya nusu saa baada ya kutumwa, na laini yenyewe imezimwa. Askari alituandikia namba ya jalada. Fedha hazikurudi, na sitasema zilirudi. Lakini Mama alikuwa na faili la picha ile kama lilivyotoka kwenye kamera, lenye tarehe yake. Aliliweka kwenye kundi la wapigapicha pamoja na picha ya meza yetu bila kitambaa, akaandika: *Hii lenzi niliiuza miaka tisa iliyopita. Anayewauzia leo anawauzia mume wangu akiwa amelala.* Watu waliripoti ukurasa ule kwa wingi, na kufikia Alhamisi haukuwepo. Mwalimu mmoja wa kwaya, ambaye hatumjui, aliandika kwamba alikuwa amesimama tayari kwa wakala na fedha mkononi, amezirudisha mfukoni, na anamsalimia sana aliyelala.

Kutoka kundi hilohilo ndiko ilikotokea lenzi nyingine. Mwanamke mmoja aliyewahi kupiga picha za magazeti, sasa anafundisha chuoni, alisema anayo kama hiyo na haitumii, mgongo umekataa. Mama hakuuliza bei kwanza. Aliomba picha yenye kijiko. Yule mama akatuma picha ya lenzi, kijiko, na uma juu yake, akaandika: *Nimeongeza na uma, usije ukadhani nina kijiko tu.*

Tulikwenda ofisini kwake chuoni mchana, watatu. Mlango ulikuwa wazi na wanafunzi wakipita. Alitoa boksi, akatoa risiti ya zamani, na Baba akavaa miwani akasoma namba ya kwenye risiti kwa sauti, huku mimi nasoma ya kwenye lenzi, kama tunaitana darasani. Zilikubaliana. Mama akaifunga kwenye kamera yake, akapiga ubao, akapiga mti wa nje ya dirisha, akapiga sikio langu. Akamulika tochi ndani ya kioo kutafuta ukungu. Kulikuwa na vumbi kidogo tu, na ukingo ulikuwa na kibonyeo.

"Iliangukia jukwaani," mwenyewe alisema. "Sifichi."

Baba aliomba aishike. Akaigeuza pete yake polepole, kichwa kimeinama, sikio karibu.

"Hapa katikati inakaza," alisema.

Yule mama akatabasamu. "Ni kweli. Nilisahau kuwaambia. Nitapunguza."

Hata baada ya kupunguza, bei ilikuwa mara mbili ya ile ya Bei ya Kutupa, na mfuko wa Baba haukufika. Mama akafungua mkoba wake na kumalizia. Tulipotoka nje Baba alitutangulia hadi getini.

"Zawadi gani hii," alisema, "mpewaji ndiye anayeilipia?"

"Ya watu waliooana," Mama akamjibu. "Hujawahi kuniletea nyingine."

Mvua ilitukuta njiani, ya ghafla, ya matone makubwa. Baba akavua koti lake kwa haraka, na Mama akainamisha kichwa kidogo kulipokea. Likampita. Baba alikuwa anaufunika mkoba wa kamera, akiuzungushia mikono ya koti na kuifunga fundo.

"Na mimi?" Mama aliuliza, maji yakimchuruzika usoni.

"Wewe utakauka."

Tukakimbilia chini ya baraza ya duka la vyombo. Mama alikuwa anacheka na kumtukana kwa wakati mmoja, na Baba alimkausha paji la uso kwa kile kitambaa chake cha grisi, akamwachia mstari mweusi juu ya nyusi. Hakumwambia. Mimi pia sikumwambia. Mama akafungua fundo, akatoa kamera, akaifunga ile lenzi na kuielekeza ng'ambo ya barabara, ambako mtu alikuwa anasukuma baiskeli huku amejifunika sinia kichwani. Alisubiri, pumzi ameizuia, mpaka mtu huyo akafika pale alipomtaka.